Uhakiki wa Dhana ya "Mambo Yanayoathiri" Upokeaji wa Chanjo ya HPV kwa Wasichana Balehe: Mfano wa Kiongoroni katika Delta ya Rufiji

Utangulizi

Katika hazina za tasnifu za vyuo vikuu vya Tanzania, kichwa kinachoanza na maneno "Mambo yanayoathiri" kimezoeleka kiasi kwamba msomaji hakitazami mara ya pili. Yako mambo yanayoathiri ufaulu, yako yanayoathiri matumizi ya uzazi wa mpango, yako yanayoathiri mahudhurio ya kliniki. Kichwa cha namna hiyo hubeba dai lisilotamkwa: kwamba mambo hayo yanahesabika, kwamba kila moja husimama peke yake, na kwamba kazi ya mtafiti ni kuyapanga kwa uzito na kuyaweka kwenye jedwali. Uhakiki huu unalihoji dai hilo kwa kulitazama katika tafiti zinazohusu chanjo dhidi ya virusi vya HPV kwa wasichana balehe. Unalitazama kutoka mahali ambapo linapwaya zaidi: Kiongoroni, mojawapo ya kata za Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji.

Suala hili si la istilahi tu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 6,500. Aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na chanjo huzizuia zote mbili ikiwa msichana ataipata kabla ya kukutana nazo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamekamilisha chanjo kabla ya kutimiza miaka 15. Msichana anayeikosa leo hataonekana katika takwimu za wagonjwa kesho. Ataonekana baada ya miongo miwili au mitatu, pengine akiwa amelazwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wakati huo hakuna hojaji itakayomuuliza kilichomkosesha akiwa na miaka kumi na miwili. Jambo lililomkosesha likipewa leo jina lisilo lake, fedha zitapelekwa kwenye jina hilo.

Historia fupi ya chanjo hii nchini inafahamika. Mkoani Mwanza, mradi wa majaribio wa utoaji uliofanyika katika shule za msingi 134 ulilinganisha njia mbili, yaani kuchanja kwa kufuata darasa na kuchanja kwa kufuata umri. Mwaka 2014 majaribio ya serikali yalianza mkoani Kilimanjaro. Aprili 2018 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua chanjo hiyo kitaifa jijini Dar es Salaam, kwa dozi mbili zilizoachana kwa miezi sita, na kwa wasichana wa miaka 14 peke yao. Aprili 2024 utaratibu ulibadilika: dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inafaa kukumbuka kwamba kuanza na umri mmoja tu mwaka 2018 kulitokana na uhaba wa chanjo duniani. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka huo alikosa kwa sababu ambayo haikuwamo kichwani mwake, wala kichwani mwa mzazi wake, wala mahali popote ndani ya Bonde la Rufiji. Sababu ya namna hiyo haina safu yake katika majedwali ya "mambo yanayoathiri".

Kielelezo kilichozaliwa kando ya gari

Tafiti nyingi za aina hii huegemea kielelezo cha imani kuhusu afya, kilichobuniwa na wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani katika miaka ya 1950, akiwamo Hochbaum na baadaye Rosenstock. Kielelezo husema kwamba mtu huchukua hatua ya kujikinga pale anapojiona yumo hatarini, anapoiona hatari yenyewe kuwa kubwa, anapoamini kwamba hatua hiyo itamfaa, na anapoona vikwazo vyake kuwa vidogo kuliko faida. Hojaji hutungwa kwa kufuata nguzo hizo, majibu huhesabiwa, na hitimisho huja likiwa limeshajulikana: uelewa ni mdogo, mwamko ni mdogo, elimu itolewe kwa jamii.

Linalosahaulika ni mazingira yaliyokizaa kielelezo hicho. Swali la wabunifu wake lilikuwa hili: kwa nini watu hawajitokezi kupimwa kifua kikuu ilhali kipimo ni bure na magari yenye mashine za eksirei yameegeshwa karibu kabisa na makazi yao? Umbali ulikuwa umeshaondolewa, na gharama pia. Kilichobaki kisichoelezeka kilikuwa nafsi ya mtu, kwa hiyo nadharia ikaelekezwa kwenye nafsi, na ilikuwa haki yake. Ni nadharia ya mahali ambapo gari limefika.

Kukihamishia kielelezo hicho Kiongoroni bila kuuliza kwanza kama gari limefika, na huko gari maana yake ni boti, ni kosa la mantiki na wala si upungufu mdogo wa mbinu. Ni kweli kwamba kielelezo kina nguzo ya vikwazo, na mtetezi wake anaweza kusema kwamba boti itaingia humo. Lakini nguzo hiyo ni ya vikwazo jinsi mhojiwa anavyoviona, navyo hupimwa kwa kumtaka akubali au akatae kauli kama "kituo cha afya kiko mbali". Mkondo wa maji hauwi mpana au mwembamba kwa kufuata maoni ya mzazi. Mzazi aliyezoea kusafiri nusu siku kwa mtumbwi anaweza kujibu kwamba si mbali, naye asiwe amekosea, kwa kuwa anapima kwa kipimo cha maisha yake. Jibu lake litaingizwa kwenye kompyuta kama ushahidi kwamba umbali si tatizo, na lawama itarudi kwenye mwamko wake.

Mfumo uliopendekezwa mwaka 2014 na kikundi kazi cha WHO kuhusu kusitasita kwa chanjo, unaotazama imani kwa chanjo, kuridhika kunakomfanya mtu asione haja, na urahisi wa kuipata, ulipiga hatua mbele kwa kuupa urahisi nafasi sawa na hayo mengine. Hata hivyo, jina lenyewe la mjadala, kusitasita, linaendelea kumweka mchanjwa katikati ya jukwaa. Asiyefikiwa hasitisiti.

Sarufi ya kupokea

Lugha ya tafiti hizi inastahili kusomwa kwa makini ileile ambayo mhakiki huielekeza kwenye matini ya fasihi. Vitenzi vinavyotawala ni kukubali, kupokea, kukataa na kusita, na mtenda wake huwa msichana au mzazi. Katika tukio lenyewe hali ni kinyume. Msichana anachanjwa, na kitenzi cha kutendwa katika Kiswahili hudai kijalizo chake: amechanjwa na nani? Sentensi "asilimia kadhaa ya wasichana hawakupokea chanjo" humwondoa mtoaji jukwaani bila mtu kugundua kwamba ametoka. Ikiandikwa "wasichana kadhaa hawakuchanjwa", pengo huonekana mara moja, na swali la nani hakuwachanja huja lenyewe.

Mwelekeo huohuo ulijitokeza wakati wa chanjo ya UVIKO-19, kwa kaulimbiu ya "Ujanja Kuchanja". Kitenzi cha kutenda, ambacho kwa desturi ni cha mganga au muuguzi, kilihamishiwa kwa mwananchi: yeye ndiye anayechanja, na kuchanja huko ni ujanja. Kaulimbiu ina mvuto wa sauti, hilo halikanushiki. Ila kwa kumfanya aliyechanjwa kuwa mjanja, inamwacha asiyechanjwa katika kundi la wajinga, hata yule ambaye hakuna aliyempelekea sindano.

Kitenzi kuchanja kina historia nyingine ambayo tafiti huipita. Kabla na baada ya hospitali, kuchanja ni kazi ya wembe: mganga humchanja mtu chale na kumpaka dawa ili kumkinga. Katika jamii za Bonde la Rufiji, kama ilivyo kwingi pwani, wazo kwamba mwili mzima usio na ugonjwa unaweza kutobolewa leo ili ukingike na kitakachokuja miaka ijayo si wazo geni wala la kufundishwa upya. Waandishi wanaolieleza tatizo kuwa ni jamii kutoelewa maana ya kinga wanakosea tangu mwanzo. Jamii inaielewa kinga. Inachouliza ni juu ya anayekinga: ni nani, ametoka wapi, anataka nini, na atarudi lini ikiwa mambo yataharibika. Mganga wa kijiji anayajibu maswali hayo kwa kuwapo kwake tu.

Kizazi

Hoja nzito zaidi ya kilugha imo katika jina la ugonjwa. Neno kizazi kwa Kiswahili ni tumbo la uzazi, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watu wa rika au ukoo wanaofuatana. Mwanamke aliyefunga kizazi hazai tena. Aliyetolewa kizazi amefanyiwa upasuaji. Asiye na kizazi ni tasa. Ndani ya neno hilo ndimo kampeni ilimoingiza "chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi".

Jina hilo ni refu, na Kiswahili cha mazungumzo hakibebi majina marefu kwa muda mrefu. Hulikata. Ukataji huo una kanuni iliyozoeleka katika uwanja wa chanjo: chanjo ya surua, chanjo ya polio, chanjo ya pepopunda. Katika miundo hiyo yote, nomino inayofuata kiunganishi "ya" ndicho kitu kinachozuiwa. Chanjo ya surua huzuia surua. Kwa kanuni hiyohiyo, jina refu likikatwa na kubaki "chanjo ya kizazi", msikilizaji mwenye umilisi kamili wa lugha yake hupata maana moja iliyo wazi: ni chanjo inayozuia kizazi. Hahitajiki mzushi, wala simu janja, wala mhubiri. Sarufi yenyewe inatosha.

Tafiti huiorodhesha hofu ya ugumba chini ya "imani potofu" au "uvumi", pamoja na uchawi na mambo mengine. Kwamba hofu hiyo haina msingi wa kitabibu ni kweli. Chanjo ya HPV haigusi uwezo wa kuzaa. Lakini kuwa si kweli kitabibu na kuwa upuuzi ni mambo mawili, na mtafiti wa lugha ana wajibu wa kuyatenganisha. Hofu ya namna hii ina historia ya kikanda pia. Nchini Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa na kiambato cha kuwafunga uzazi, na serikali ikakanusha. Chanjo ya HPV ilipozinduliwa huko Oktoba 2019, mabishano yalirudi, na safari hii waliosimama mbele kupinga walikuwamo madaktari Wakatoliki. Palipo na watu wenye shahada za udaktari miongoni mwa wapinzani, "uelewa mdogo" ni maelezo dhaifu mno ya kumbandika mvuvi wa delta.

Jambo la kushangaza ni kwamba neno lilelile lina uwezo wa kutumika upande wa pili. Kinachomwondolea mwanamke kizazi chake ni saratani yenyewe, pamoja na tiba zake, yaani upasuaji wa kuondoa tumbo la uzazi na mionzi. Chanjo inalinda kizazi, kwa maana zote tatu za neno. Ujumbe unaoanza na kulinda badala ya kuzuia, na unaotaja kizazi kama kitu kinacholindwa, ungeibadili sarufi iliyoelezwa hapo juu bila kuongeza shilingi kwenye bajeti. Hojaji zinazouliza "je, umewahi kusikia kuhusu chanjo ya HPV?" hazina namna ya kuligundua hili, kwa sababu zinapima kama neno limesikika na hazipimi limesikika likimaanisha nini.

Bamvua, dungu na daftari la mahudhurio

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyoungana katika ukanda wa Afrika Mashariki. Ndani yake mto hugawanyika katika matawi na vijito vingi, na makazi ya watu yamekaa kwenye vipande vya nchi kavu vilivyomo kati ya maji. Usafiri hufuata kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua boti hupenya hadi mahali ambapo wakati wa maji mafu haifiki, na chombo kilichochelewa saa mbili huweza kukwama topeni hadi maji yarudi. Chanjo inayopaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na inayoharibika pia ikiganda, husafiri katika hali hiyo ndani ya kisanduku cha barafu. Muuguzi wa huduma za mkoba anayepanga safari yake kwa tarehe za robo mwaka za wizara, bila kutazama mwezi angani, anapanga safari ya mahali pengine.

Maisha ya wakazi nayo yana kalenda yake. Kilimo cha mpunga huwahamisha watu kutoka kijijini hadi mashambani, ambako familia hukaa katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Kuamia ndege ni kazi ya watoto kwa kiasi kikubwa, na wasichana wamo. Daftari la mahudhurio la shule humwita mtoto huyo mtoro. Tafiti hulichukua neno hilo kama lilivyo na kuliweka katika safu ya "mambo yanayoathiri": utoro. Kwa hatua hiyo moja, kazi ambayo bila hiyo kaya haili inageuzwa kuwa tabia ya mtoto.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Aprili 2024. Kampeni ya kitaifa ya dozi moja ilipangwa iende sambamba na Wiki ya Chanjo, mwishoni mwa mwezi huo. Mwezi huohuo Wilaya za Rufiji na Kibiti zilikumbwa na mafuriko makubwa, nyumba na mashamba yakazama na watu wakahamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani, upande wa Mafia na maeneo jirani. Mtafiti atakayekwenda delta na hojaji ya nguzo za imani kuulizia kampeni ile atapata majibu, maana watu ni wakarimu na swali likiulizwa hujibiwa. Atapata asilimia za waliojiona hatarini na za wasiojiona. Hatari iliyokuwa ikionekana wiki zile ilikuwa maji, na hojaji haikuandaliwa kuipokea.

Hapa ndipo dhana ya "mambo" yanayosimama kila moja peke yake inapovunjika. Mafuriko, kalenda ya mpunga, dungu, daftari la shule na safari ya muuguzi havijumlishwi kimoja juu ya kingine kama mizigo kwenye mizani. Kila kimoja kinabadilisha maana ya kinachofuata. Utoro wa Kibiti mjini na "utoro" wa msichana aliye dunguni havina uhusiano zaidi ya kuandikwa kwa wino uleule. Uchanganuzi wa takwimu unaovitia katika kigeu kimoja hutoa namba sahihi ya kitu kisichokuwapo.

Dola, orodha na mwali

Lipo jambo lingine ambalo tasnifu za afya hulikwepa, pengine kwa busara. Kati ya 2015 na 2017, Kibiti na wilaya za jirani zilipitia mfululizo wa mauaji ya viongozi wa serikali za vijiji na askari polisi. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa pamoja wilayani Kibiti, na operesheni za ulinzi zikafuata. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa mwaka mmoja baadaye. Hakuna msingi wa kudai kwamba tukio moja lilizaa mapokeo ya jingine. Lakini mtafiti anayeingia katika eneo hilo na kupima "imani kwa watoa huduma" kwa mizani ya ngazi tano, bila kutaja kwamba kuorodhesha majina ya wanakaya kuliwahi kuwa jambo la kutia hofu kwa anayeorodhesha na anayeorodheshwa, anapima kitu alichokiondolea historia.

Kuhusu msichana mwenyewe, pengo ni kubwa vilevile. Sera humwita kijana balehe. Hojaji humwita mhojiwa. Jamii nyingi za Pwani na Bonde la Rufiji zina neno lenye sherehe na sheria zake, yaani mwali. Utafiti wa Marja-Liisa Swantz miongoni mwa Wazaramo, uliochapishwa mwaka 1970, ulionyesha kwa kina jinsi ujuzi wa mwili wa kike unavyokabidhiwa kwa mwali na wanawake wenye mamlaka maalumu ya kuukabidhi. Unyago umepungua muda na umebadilika sura, lakini kanuni ya nani anaruhusiwa kumwambia msichana nini kuhusu sehemu zake za siri haijafutika. Ujumbe wa chanjo unaotolewa na mwalimu mbele ya darasa zima, wavulana wakiwamo, unavunja kanuni hiyo au, kama inavyotokea mara nyingi, unaikwepa kwa kunyamaza. Hutajwa saratani, hautajwi mlango wenyewe, wala njia ambayo virusi hupita. Ukimya huo umekusudiwa kuwa staha. Kwa mzazi anayejua kwamba mwanawe wa kike ndiye pekee aliyeitwa foleni na mwanawe wa kiume ameachwa, ukimya huo unaacha nafasi ya kujaza, na nafasi hiyo hujazwa na kile kilichoelezwa kuhusu neno kizazi. Ni nadra tasnifu ikamhesabu kungwi au somo miongoni mwa wadau wake. Anayeorodheshwa ni mwalimu, mtendaji wa kijiji na kiongozi wa dini.

Mwanza na Rwanda

Si haki kuziweka tafiti zote katika kapu moja. Kazi za Mwanza zilizoongozwa na Watson-Jones na wenzake zilikuwa na sifa adimu: zilijaribu njia ya utoaji badala ya kupima nafsi pekee. Kuchanja kwa kufuata darasa kulifikia wasichana wengi zaidi kuliko kuchanja kwa kufuata umri, kwa kila dozi. Tofauti hiyo haikuletwa na badiliko lolote la imani ya mzazi; ililetwa na jinsi majina yalivyopangwa. Ni Mwanza pia ambako jaribio la kupunguza dozi lilihusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na matokeo yake yalikuwa sehemu ya ushahidi uliochangia pendekezo la kimataifa la dozi moja mwaka 2022. Hata hivyo kizuizi cha kazi hizo kwa msomaji wa delta ni kwamba zote zinaanzia shuleni. Asiyeandikishwa, au aliyemaliza darasa la saba na kurudi nyumbani, hayumo katika hesabu tangu mwanzo.

Rwanda ilianza mwaka 2011 kwa darasa la sita, na iliripoti kufikisha dozi ya tatu kwa zaidi ya asilimia 93 ya waliolengwa. Mara nyingi mafanikio hayo hunukuliwa katika tasnifu za Tanzania kama ushahidi wa nguvu ya uhamasishaji. Uhamasishaji ulikuwapo, lakini kilichotofautisha mpango ule ni kwamba wahudumu wa afya wa vijijini walitumwa kuwatafuta majumbani wasichana ambao hawakuwa shuleni siku ya chanjo. Asilimia ilipanda kwa miguu ya watu. Kumnukuu Rwanda na kupendekeza vipeperushi ni kusoma nusu ya ukurasa.

Kuna pia suala la kigawanyo. Asilimia ya waliochanjwa hutegemea namba ya waliopaswa kuchanjwa, na kati ya sensa ya 2012 na ile ya Agosti 2022 namba hiyo ilitokana na makadirio. Kata yenye watu wanaohama kati ya kijiji, shamba na kambi za uvuvi inaweza kuonekana imefanya vizuri kupita asilimia mia au vibaya kupita kiasi bila msichana hata mmoja kuongezeka au kupungua. Hata Rufiji, iliyokuwa na eneo la ufuatiliaji wa idadi ya watu tangu 1998 na hivyo kuwa miongoni mwa wilaya zilizochunguzwa zaidi nchini, haikuwa na ufuatiliaji wa aina hiyo katika wilaya nzima.

Kubadilika kwa utaratibu kuwa dozi moja kunabadilisha pia kinachopaswa kuulizwa. Chini ya dozi mbili, msichana aliyechanjwa darasa la saba angeweza kutakiwa dozi ya pili akiwa ameshahamia kidato cha kwanza, huenda amepanga chumba bara, na tafiti zilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini hakurudi. Sasa hatakiwi kurudi. Kinachotakiwa ni mkutano mmoja kati ya msichana, muuguzi na kisanduku cha barafu, wakati wowote kati ya miaka 9 na 14, na bamvua huja takriban mara mbili kila mwezi. Hojaji ya delta inayostahili jina hilo ingeanza na tarehe: timu ilifika siku gani, maji yalikuwaje, familia ilikuwa kijijini au dunguni, jina la msichana liliandikwa na nani na kwa daftari lipi. Maswali ya imani yangefuata, na yangeulizwa kwa wale tu ambao boti iliwafikia.